Ufunguo wa namba 17: kisa cha kikundi kimoja cha hisa, Newala

Kisa hiki nakiandika kwa wenzangu tunaozunguka vijijini kufundisha vikundi vya kuweka na kukopa, na kwa yeyote aliyewahi kushika karatasi yenye orodha ya watu akaamua nani anafaa na nani hafai. Mhusika mwenyewe ameridhia kiandikwe, kwa sharti kwamba jina lake lisitajwe. "Niite namba," alisema, "kama mnavyoniita kikaoni." Basi humu yeye ni namba 17.

Kwanza mahali. Kijiji kipo juu ya uwanda wa Makonde, wilaya ya Newala, mkoa wa Mtwara. Anayeijua Newala anaijua habari ya maji. Udongo wa kule juu hunywa mvua yote, hauachi mto wala kijito; chemchemi ziko chini mabondeni. Kwa vizazi vingi wanawake wameteremka ukingo wa uwanda na kuupanda tena na ndoo kichwani. Bomba lipo, maji yanasukumwa na mashine kutoka bondeni, lakini hayafiki kila kitongoji wala hayatoki kila siku. Mwenye nyumba ya bati hukinga mvua na kuihifadhi kwenye kisima alichochimba na kukisakafia uani kwake. Mwenye nyumba ya nyasi hununua maji, au huteremka.

Fedha za kule ni korosho. Zinaokotwa kuanzia Oktoba mpaka Desemba, zinapelekwa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, zinaingia ghalani, zinauzwa kwa mnada, kisha mkulima analipwa benki. Mfumo huo wa stakabadhi ghalani ulianza Mtwara mwaka 2007. Kati ya kukabidhi mzigo na kulipwa kuna siku za kusubiri, na humo ndimo kangomba anamopenyea: anakuja na hela mkononi, ananunua nje ya mfumo kwa bei ya kutupa, wakati mwingine korosho zikiwa bado maua juu ya mti. Malipo yakishapatikana, madeni ya mwaka mzima yanajilipa yenyewe, na ikifika Februari nyumba nyingi hazina kitu. Kikundi cha hisa kijijini kinaishi ndani ya pengo hilo. Watu wanaweka hela zinapokuwepo, wanakopeshana zinapokauka.

Kikundi ninachokisimulia kilikuwa na wanachama 28, wanawake 21. Walikutana kila Jumatano baada ya alasiri chini ya mwembe. Hisa moja ilikuwa shilingi 1,000, na mtu aliruhusiwa kununua kuanzia moja hadi tano kwa kikao. Anayekosa hisa wiki hiyo alilipa mfuko wa jamii tu, shilingi 500, ambao ni wa misiba na maradhi. Sanduku lina kufuli tatu. Funguo tatu wanakaa nazo watu watatu wasio viongozi, ili asiwepo mtu anayeweza kulifungua peke yake. Kila mwanachama ana namba, na kikaoni anaitwa kwa namba yake: anainuka, anatoa hela mbele ya wote, zinahesabiwa na wahesabu wawili, kitabu chake kinagongwa muhuri mmoja kwa kila hisa. Mzunguko, yaani kipindi cha kuweka hadi kugawana kilichomo sandukuni, ulianza Juni 2022 ukavunjwa mwishoni mwa Mei 2023, wakati watu wanahitaji hela ya vibarua na petroli ya pampu za kupulizia mikorosho.

Mimi ndiye niliyekuwa mwezeshaji wao. Ni mtu wa Dodoma, Kimakonde sikijui, na nilikuwa nimeajiriwa na shirika ambalo halina haja ya kutajwa hapa.

Nilichokiona kwenye karatasi

Kuelekea mwisho wa mzunguko hujazwa fomu ya kupima kikundi. Ina wastani wa hisa kwa kila mwanachama, idadi ya mikopo aliyochukua, na jinsi alivyorejesha. Nilipopanga majina kwa wastani wa hisa, namba 17 alikuwa wa 28. Hisa moja kwa kila kikao, haikuzidi hata siku moja. Mikopo: hakuna. Kwenye safu ya maoni nikaandika kwa mkono wangu: "Mwanachama dhaifu. Hashiriki kukopa. Hana shughuli ya kiuchumi inayoeleweka."

Maneno hayo bado ninayo. Fomu niliitunza.

Kutokana na fomu hiyo nikapeleka pendekezo kwenye kikao cha kurekebisha katiba ya mzunguko mpya. Lilikuwa na sehemu mbili: hisa ipande kutoka 1,000 hadi 2,000, na anayekosa kununua hisa vikao vitatu mfululizo aondolewe. Nilieleza vizuri, nadhani vizuri kupita kiasi. Nilisema sanduku linakua kwa hisa kubwa na kwamba kikundi ni biashara. Wenye maduka walifurahi. Mikono ikanyooshwa, wengi wakaunga mkono.

Kabla ya kura niliuliza kama kuna mwenye swali. Namba 17 aliinuka. Ni mama wa makamo anayeuelekea uzee, mwembamba, amezoea kuketi ukingoni mwa mkeka. Akauliza, "Ufunguo atashika nani?"

Yeye alikuwa mmoja wa wale watatu. Nikamjibu kwamba mambo ya funguo yatazungumzwa baadaye, kwamba leo tunajadili hisa. Akaketi. Wanawake waliokuwa jirani naye wakasemezana kidogo kwa Kimakonde, kisha wakanyamaza, na mimi nikaendelea na kura. Nilidhani bibi yule anaung'ang'ania ufunguo kwa sababu ndicho cheo pekee alichokuwa nacho.

Nyumbani kwake

Wiki iliyofuata nilikuwa napita nyumba kwa nyumba kujaza taarifa za wanachama kwa ajili ya daftari jipya. Kwake nilifika saa tatu asubuhi, kitongoji cha mbali, mwendo wa kama saa nzima kwa miguu hadi kwenye ule mwembe. Nilimkuta uani anabangua korosho. Kikaango kilikuwa kimeepuliwa, korosho zimekaangwa nyeusi, naye anazigonga moja moja kwa kigongo juu ya jiwe. Vidole vyake vilikuwa vyeusi na ngozi imechubuka. Hivyo vidole nilikuwa nimeviona kila Jumatano nikadhani ni mkaa. Ni mafuta ya ganda la korosho, yanaunguza ngozi kama asidi, na aliye na hali hupaka majivu au mafuta mengine kabla ya kuanza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwalimu. Karibu mkeka huo."

Fomu ilikuwa na nafasi ya mstari mmoja: chanzo cha mapato. Nikamwuliza.

Akasimamisha kigongo. "Cha lini?"

Sikumwelewa. Nikasema, chanzo chako tu, kile unachopatia hela. Akaingia ndani, akatoka na kitabu chake cha hisa kimeviringishwa kwenye nailoni, akakifungua juu ya goti na kuweka kidole kwenye muhuri wa kwanza.

"Huu ming'oko. Nilikwenda kuchimba porini, nikachemsha, nikauza mafungu. Huu nao ming'oko. Huu palizi, nililima chini ya mikorosho ya mtu. Huu palizi. Hizi tatu mbaazi, nilipukuchua kwa watu. Huu maji."

"Maji vipi, mama?"

"Jirani alikuwa na shughuli ya unyago. Nilichota ndoo za wapishi."

Akaendelea. Oktoba na Novemba ilikuwa kuokota korosho kwenye mashamba ya watu, na zake mwenyewe, ambazo ni za miti mitatu. Januari kubangua. Kwa kila muhuri alikuwa na jibu, na hakuwa anakumbuka kwa shida, alikuwa anasoma. Mimi nilikuwa nimeacha fomu, naandika nyuma ya karatasi. Ukurasa wa Machi kidole kilifika kwenye muhuri mmoja akasema, "Huu kanga. Nilikuwa na doti sijaivaa." Uliofuata: "Kuku." Mihuri miwili baada ya hapo aliiruka. Nikauliza. Akasema, "Hiyo iache," na akafungua ukurasa wa Aprili.

Mihuri 48 kwa vikao 48. Nilikuwa nimekitazama kitabu kile mara nyingi, nikijumlisha tu.

Kisha nikauliza swali ambalo nalijutia kwa namna lilivyotoka. Nilisema: kwa nini basi usipumzike wiki ngumu, ukalipa mfuko wa jamii tu, mbona katiba inaruhusu? Akasema kukosa hisa si neno, lakini kikaoni lazima afike kwa sababu ana ufunguo. Asipofika sanduku halifunguki, na kuna mtu siku hiyo ana mgonjwa na anataka mkopo. "Sasa nikishafika, nifike mkono mtupu?"

Akarudi nyuma kurasa mbili na kuonyesha muhuri wa Februari. "Kama huu. Siku hii nilitoka msibani bondeni. Kaka yangu tulimzika Jumanne. Jumatano nikapanda, nikafungua, nikateremka kumalizia matanga."

Siku hiyo niliijua. Niliikumbuka pale pale, kwa sababu ni siku niliyofika kikaoni nimechelewa dakika 40. Mwanachama akichelewa hutozwa faini ya shilingi 200, mwezeshaji hatozwi. Nilifika tairi limepasuka, nina hasira, fedha ya petroli ya miezi miwili nilikuwa sijalipwa, nikaketi mbele ya watu 28 nikazungumza habari zangu: jinsi ofisi inavyotutesa, jinsi nilivyotupwa mbali na kwetu, jinsi nilivyochoka. Nilizungumza muda mrefu. Pole za msiba walikuwa wameshapeana kabla sijafika, na rambirambi wamekusanyia mkononi, maana kwa katiba yao mfuko wa jamii haukumhusu kaka. Hakuna aliyenikatiza. Na yule mama, ambaye alikuwa amemfukia nduguye jana yake na ameupanda mlima ule alfajiri, aliniambia, "Pole sana mwalimu." Namkumbuka akisema. Nilimjibu, "Nimeshapoa."

Nilimaliza kuandika nikaaga. Sikuweza kumwambia chochote cha maana. Nilimwomba radhi kwa siku ile, naye alionekana kutojua naomba radhi ya nini.

Nilivyolielewa vibaya mara ya pili

Nikiwa njiani kurudi mjini nilijisikia kama watu wengi wanavyojisikia wakikutana na jambo kama hili. Nilisema moyoni, Mungu wangu, nina mshahara, nina afya, kumbe mimi sina shida. Usiku nikampigia mke wangu simu nikamsimulia, na tukamshukuru Mungu pamoja. Nililala vizuri.

Kosa la pili lilikuwa hilo, na naliona baya kuliko la kwanza. Katika shukrani yangu yule mama alikuwa amegeuka kipimo cha kunionyesha mimi nilivyobarikiwa. Yeye hakuongezeka kitu. Kura ilikuwa imeshapigwa, hisa imeshapanda, na kwa katiba niliyoiandika mimi, ikifika Februari nyingine angekosa vikao vitatu na kuondolewa, huku mimi nikiendelea kumsimulia kwa unyenyekevu. Nimewasikia wenzetu wakisimulia vijiji kwa namna hii, mara nyingi kwa nia njema: "Wale watu wana shida lakini wanacheka, wametufundisha." Mtu anayechubuka vidole hajakaa pale kunifundisha. Yuko kazini.

Kilichonitoa humo hakikuwa wema wangu. Ni daftari. Siku ya pili nilitaka kujua kama yeye peke yake ndiye aliyegonga mihuri yote, nikachukua daftari kuu la kikundi na kupanga upya majina, safari hii kwa kuhesabu vikao ambavyo mtu hakukosa hisa. Waliotimiza vikao 48 walikuwa watatu. Wote watatu walikuwa wa hisa moja moja au mbili mbili. Aliyeongoza kwa jumla, hisa 131, alikuwa na vikao 14 vitupu, karibu vyote baada ya Januari. Nami nikajipima humo humo: mchezo wetu wa kuchangiana kazini, watu sita, kila mwezi kwa simu, nilikuwa nimekwepa miezi mitatu kati ya 12, na kila mara nilikuwa na sababu.

Kisha nikatazama miezi ya Februari na Machi peke yake. Vikao vinane. Hisa zote zilizoingia zilikuwa 94, yaani shilingi 94,000. Kati ya hizo, 61,000 zilitoka kwa wanachama tisa wa chini, wale ambao fomu yangu iliwaita dhaifu. Na Machi ndio mwezi ambao mwenye duka mmoja, namba 4, alikopa 90,000 kuongeza bidhaa. Sikuwa nimewahi kuona hilo. Wenye hisa kubwa walilijaza sanduku wakati kila mtu ana hela. Wakati hakuna mwenye nayo, lilikuwa linajazwa na ming'oko, na maji ya kuchota, na ile doti ya kanga.

Kikao cha pili cha katiba

Nilimwomba mwenyekiti anipe nafasi, nikasimama nikasema nilikosea na naomba suala lifunguliwe tena. Sikumtaja namba 17 wala hali ya nyumba yake. Hakuwa ameniruhusu, na sikutaka aonewe huruma mbele ya watu. Nilisoma takwimu za Februari na Machi tu.

Namba 4 alipinga, na alipinga kwa hoja. Alisema, "Mwalimu, huruma haijazi sanduku. Wiki mbili zilizopita ulituambia kikundi ni biashara." Ni kweli nilisema. Nikamjibu kwamba sizungumzi huruma, nazungumza mkopo wake wa Machi ulitoka wapi. Akataka kuliona daftari. Mtunza sanduku akampa, akahesabu mwenyewe kwa kidole, taratibu, watu wote wanamsubiri. Hakusema nimeshinda wala nimeshindwa. Alirudisha daftari akakaa.

Hisa ikabaki 1,000 na kipengele cha kuondoa watu kikafutwa, kwa zaidi ya theluthi mbili ya kura. Namba 4 alibaki. Wanachama wengine wanne hawakubaki, walihamia kikundi cha hisa kubwa zaidi mjini, na walikuwa waweka akiba wazuri. Mikopo ya mwanzo ya mzunguko mpya ikawa midogo, na wapo walioninung'unikia kwa hilo. Hawakukosea. Maamuzi haya yana gharama, na gharama ilibebwa na wao.

Fomu sikuweza kuibadilisha, si yangu. Lakini nimeongeza safu moja kwa mkono kwenye kila nakala ninayotumia: vikao alivyokosa hisa. Safu hiyo hunieleza mengi kuliko wastani. Na ile ya "chanzo cha mapato" siijazi tena kwa mstari mmoja. Namwomba mtu alete kitabu chake, kisha nauliza kama yule mama alivyoniuliza: cha lini? Inachukua muda, kwa siku namaliza nyumba tatu badala ya nane.

Kuhusu kutokopa kwake nilimwuliza baadaye. Alisema mkopo unataka mtu mwenye uhakika wa mwezi ujao, na yeye anao wa wiki. Hapo tena niliona jinsi nilivyoandika "hashiriki" kwa mtu aliyepiga hesabu sawasawa. Wakati wa mgao hisa moja ilikuwa imefika shilingi 1,310. Alipokea 62,880. Alinunua mabati mawili, akayaegemeza ukutani ndani ya nyumba ya nyasi yangoje mengine, ila mvua zilipoanza Desemba hakungoja. Aliyafunga kwa kamba juu ya miti miwili uani, yakiwa yameinama, na chini akaweka ndoo na sufuria.

Alichaguliwa tena kushika ufunguo. Swali lake la siku ile, "Ufunguo atashika nani?", wanawake walinieleza baadaye kwamba walilielewa pale pale. Alikuwa anatuarifu kwamba hatakuwepo.

Februari iliyofuata nilifika kikaoni mapema, nikakuta watu wamekaa na sanduku limefungwa. Kufuli mbili wazi, moja bado. Namba 17 hakuwa amefika. Hakuna aliyelalamika, wala aliyetaja kuvunja kufuli. Saa 12 kasoro alitokea mjukuu wake, mtoto wa kama miaka tisa, anakimbia, kashika pindo la kanga lililofungwa fundo. Ndani mlikuwa na ufunguo, noti ya 1,000 na sarafu ya 500. Bibi ana homa tangu juzi, akasema, hawezi kusimama.

Sanduku likafunguliwa. Namba zikaitwa kwa mpangilio, na ilipofika 17 mtoto akainuka akatoa hela mbele ya wote, wahesabu wakahesabu, muhuri ukagongwa. Kisha namba 4 akanyoosha mkono, akapendekeza mfuko wa jamii utoe 20,000 za matibabu. Mtunza sanduku akaanza kuzihesabu kabla mwenyekiti hajauliza nani anaunga mkono.